Sura Aliyobaki Nayo Mtani

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani yeyote wa hapa Kilwa Masoko atakwambia wateja wabaya ni wale wanaokuja na picha kwenye simu. "Nishonee kama hii." Aliyevaa kwenye picha ana kiuno cha nyigu, aliyesimama mbele yangu ana kiuno alichopewa na Mola wake, na lawama nitabeba mimi. Nimegombana na wateja wa namna hiyo zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo yule mchoraji wa katuni wa Dar es Salaam aliponijibu mara ya kwanza, "Dada, nitumie picha ya mzee, mimi sichori hewa," nilitaka kucheka nikashindwa. Picha ndiyo kitu nilichokuwa sina.

Baba alikufa nikiwa na miaka sita. Alikuwa dereva wa lori la korosho, anapakia Mingoyo anashusha Dar, enzi hizo barabara yetu bado ni vumbi kiangazi na tope masika. Ndugu zake wote wametangulia mbele ya haki. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, ile ya kwenye leseni ya udereva, nayo ilipotea msibani. Aliyebaki anayeijua sura ile ni mama, na mama alikuwa anapofuka.

Presha ya macho. Daktari alisema kilichokwisha kuondoka hakirudi, na kilichobaki kitaondoka taratibu. Jicho la kushoto lilikuwa limezima kabisa. La kulia liliona kwa pembeni tu, ikabidi mama akitaka kukutazama ageuze uso kama aliyekukasirikia. Nikawaza: likizima na hilo, baba atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii hatabaki mtu wa kusema ndiye au siye. Nilikuwa nakosa usingizi kwa wazo hilo. Nilikuwa nakosea hata vipimo vya wateja.

Watu waliniuliza kwa nini katuni, kwa nini nisimtafute mtu anichoree sura tu niitundike ukutani. Mteja wangu mmoja alimwozesha mwanawe, na kadi za mwaliko zilikuwa katuni: bwana harusi kachorwa na pengo lake, bibi harusi na mwendo wake wa madaha, kisanduku baada ya kisanduku, toka walipoonana hadi posa. Nilizishika kadi zile nikaona watu wanatembea. Nami sikutaka baba wa kutundikwa. Nilitaka baba anayekwenda, anayesema. Na hadithi ilikuwepo, madereva wa zamani walinisimulia mara nyingi kabla nao hawajatangulia: lori la baba lilivyozama kwenye tope mbele ya Somanga, abiria wamekaa juu ya magunia siku kadhaa, wanakijiji wanawaletea mihogo, na mwanamke mmoja akajifungua humo humo juu ya korosho, baba kashikilia turubai mvua isimpate. Mambo kama hayo kuyaacha yapotee ni dhambi.

Mchoraji alikuwa kijana mwenye adabu lakini mgumu. Alinieleza taratibu zake kama mimi ninavyowaeleza wateja. Kwanza anachora karatasi ya sura: mtu yule yule kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma, akicheka, akiwa na hasira. Karatasi hiyo ukishaikubali, ndipo anaingia kwenye kurasa, penseli kwanza, wino baadaye. Ukibadili mawazo wino ukishakauka, shauri yako. Kwa kuwa sikuwa na picha, akanitumia orodha ya maswali. Pua ikoje. Paji la uso likoje. Akisimama mikono anaiweka wapi. Akicheka meno yanaonekana.

Nilimpelekea mama maswali yale, nikamsomea. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Nilipofika kwenye meno akasema, "Mwache baba yako alipo."

"Mama, nataka nimkumbuke."

"Basi mkumbuke. Nani kakukataza?"

Ndivyo alivyokuwa siku zote. Ukimtaja baba, mama hupata kazi ya kufanya jikoni. Nilishazoea, lakini siku ile nilikasirika, nikasema moyoni huyu mwanamke ni mchoyo, sura ya mume wake anataka kwenda nayo kaburini.

Mimi kumbukumbu nilikuwa nayo moja, nami niliitunza kama pete ya dhahabu. Ni mchana, niko uani kwetu. Baba anaingia mlangoni anachechemea mguu wa kulia, kofia kailaza juu ya sikio. Anakohoa mara mbili. Anainama kwangu anasema, "We mwanangu, kofia yangu umeificha wapi?" Na kofia iko kichwani kwake. Namwonyesha kwa kidole. Anajipapasa kichwa, anajifanya kushtuka, na mimi nacheka mpaka kwikwi inanishika. Basi. Hapo inakatika.

Nimeishi na hiyo. Nilipoachika na kurudi nyumbani na vitu vyangu kwenye bajaji, nilisikia uani ile hatua, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta. Nilipougua sana nikaisikia tena. Sikuogopa. Nilisema tu, baba kapita, nikageukia upande wa pili.

Lakini kuchechemea si pua, na kofia si paji la uso. Mchoraji akauliza tena: hakuna mtu mwingine, dada? Ndipo nikamkumbuka mtani.

Sisi na watu wa ukoo wake ni watani toka kwa mababu. Msiba ukitokea kwetu wao ndio wanaokuja kuharibu na kutengeneza: wanatukana wafiwa, wanajilaza kaburini hawatoki mpaka wapewe chochote, wanakataza watu kulia. Na mmoja wao huvaa nguo za marehemu akamwigiza, anavyokwenda, anavyoongea, anavyoudhi. Msiba wa baba alikuja mtani mmoja kutoka Mingoyo, kijana wakati huo, akachukua shati la baba likawa lake, ndiyo haki yake. Leseni ilikuwa mfukoni mwa shati hilo. Mama alikumbuka baada ya arobaini.

Nilipanda basi nikaenda Mingoyo. Nilimkuta njia panda anauza korosho za kukaanga kwenye vifuko, mzee mfupi, kichwa chote cheupe. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba. Nani amekuruhusu kuzeeka hivyo na mimi bado nipo?"

Nikamweleza shida yangu. Nikamuuliza leseni. Akasema bila hata kuona haya, "Ilifuliwa. Shati lilikuwa linanuka baba yako, mke wangu akalifua. Leseni ikatoka uji."

Nilimtukana, na utani unaniruhusu, ila siku ile sikuwa natania. Yeye akangoja nimalize. Akafunga mdomo wa kifuko cha korosho kwa uzi, taratibu, akakiweka pamoja na vingine.

"Karatasi ilikwenda," akasema. "Sura yake ninayo mimi. Unataka nikuonyeshe?"

Nikatoa simu nikaanza kurekodi. Akachukua kofia iliyochakaa ikachakaa tena, akailaza juu ya sikio. Akainuka kwenye kreti. Na pale pale njia panda, mchana kweupe, mabasi yanapita na watu wanakula mahindi ya kuchoma, mzee yule akanijia anachechemea mguu wa kulia. Akakohoa mara mbili. Akainama.

"We mwanangu, kofia yangu umeificha wapi?"

Nilishusha simu bila kujua, video ikaharibika mwishoni. Maneno yale sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mume niliyeachana naye. Nikalia pale barabarani kama mtoto, na mtani akaketi tena kwenye kreti, anahema, akasema nisimfukuzie wateja.

Nilimtumia mchoraji video usiku ule ule. "Hapo sawa, dada angu," akajibu. "Sasa nina mtu." Nikamwambia ampunguzie miaka, amwekee nywele nyeusi, akaze mashavu. Karatasi ya sura ikaja. Nilipoifungua nikaona ndiye: kofia, bega lililoinama, mguu ukiburuta. Nikaikubali hapo hapo. Mimi, ninayewaambia wateja wasikubali nguo kabla hawajaivaa.

Kurasa nane zilikuja moja moja, na wiki zile sikuwa mzima. Katika ukurasa wa nne kuna kisanduku ambacho baba ameinua uso kutoka kwenye tairi iliyozama, tope mpaka kifuani, anamtazama msomaji. Sikumwagiza mchoraji hilo. Nilipomuuliza akasema ni kawaida, kila hadithi inataka mahali mtu anakutazama. Nilikuwa naweka simu kifudifudi juu ya meza ya cherehani, lakini nilijua yuko chini pale ananitazama. Na hatua za uani zikawa za kila siku. Nakanyaga cherehani, nikisimamisha mguu nasikia: mguu mmoja, na unaoburuta. Nilianza kuisimamisha kwa kusudi nimsikie. Nilikuwa na furaha ya mtu mwenye homa.

Wino ulipokauka nikaenda kuzichapisha kurasa kubwa, kila moja karatasi nzima, kwa ajili ya jicho la mama. Nilimkalisha barazani asubuhi, jua likimulika kutoka nyuma yake. Nikampa ya nne. Akaigeuzia uso ule wa ukali, akaisogeza mpaka karibu iguse kope. Mimi nilikuwa nimekaa chini miguuni pake, nimeziba mdomo kwa upande wa khanga.

"Nani huyu?" akauliza.

"Baba."

"Huyu mtani."

Nikadhani jicho limemdanganya. Nikampa ukurasa mwingine, na mwingine. Alizipitia zote nane, akazipanga vizuri kwenye mapaja yake, akaziwekea kiganja juu.

"Baba yako hakuwa akichechemea," akasema. "Mtani alijikwaa kwenye jiwe akichimba kaburi, akaumia kidole, na mguu haukupona sawasawa tena. Kikohozi ni cha mtani. Hata mabega ni ya mtani. Baba yako alikuwa mtu kimya, hajui mzaha kabisa. Kofia yenyewe aliichukia, alivaa jua likizidi."

"Mama, nakumbuka. Aliingia pale mlangoni, akaniuliza—"

"Kofia yangu umeificha wapi," mama akamalizia.

Nilimtazama. Yeye alikuwa amegeuza uso pembeni, kwa hiyo najua alikuwa ananiona.

"Siku ya tatu ya msiba," akasema. "Ulikuwa hujasema neno toka tulipozika. Huli, hunywi, hulii. Watu wakaanza kunong'ona mtoto kapatwa na kitu. Mtani akavaa shati na kofia, akaja kwako hapo uani. Ukamwonyesha kofia. Ukacheka. Halafu ukamrukia shingoni ukamwita baba. Watu walicheka, wengine wakalia. Mimi nikaingia ndani. Nilikuwa nimeshukuru umecheka. Sikuweza kukwambia. Kila nikikusikia unamtaja baba, najua unamtaja yule."

"Basi yeye mwenyewe namkumbukaje? Hata kidogo?"

"Alikuwa safarini, mwanangu. Akija ulikuwa unajificha nyuma yangu."

Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Siku ile nilimchukia mtani, nikamchukia mama, nikamchukia hata kijana wa watu huko Dar aliyechora alichoonyeshwa. Usiku niliisikia hatua uani na kwa mara ya kwanza maishani niliiogopa. Kama siyo baba, miaka yote ile nilikuwa namkaribisha nani?

Mama ndiye aliyeamua. Aliniambia, "Mpigie huyo mchoraji wako. Kabla sijazima." Nikampigia, nikamweleza kosa langu, na kijana akasema, "Wino umekauka, dada, lakini mpe mama simu." Michana mitatu mfululizo walifanya kazi wawili hao, mama barazani anaongea, kijana anachora na kutuma, mimi nafungua na kumshikia mama jichoni. Aliyekuwa mchoyo wa sura ile miaka arobaini akafunguka kama bomba. Paji pana zaidi. Pua usiitanue. Hapana baba, masikio yalilala, hayakusimama. Mdomo ufunge, alikuwa haachi mdomo wazi. Kijana anamwita "mama", naye anamwita kijana "baba", na mimi kazi yangu kushika simu.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, mama aliigeuzia picha uso akaacha kusema. Akainyoshea kidole, akaikosa kidogo, akaigusa.

"Ndiye," akasema. Kisha akamsalimia. Alimsalimia kabisa, "Hujambo," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, sauti ya msichana. Machozi yalikuwa yanamtoka hata kwenye lile jicho bovu.

Nikaitazama na mimi. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, masikio yamelala, mdomo umefungwa. Nilingoja kitu kinipate. Nilingoja kweli, nikakodoa macho mpaka yakauma. Hakuna. Ningekutana naye sokoni ningemuuzia kanzu nikamrudishia chenji. Nilijisikia vibaya kuliko siku aliyokufa, maana siku hiyo siikumbuki.

Tukamwomba mchoraji arudie kurasa zote nane kwa sura ya mama. Zikaja. Mama alizitazama kila asubuhi mpaka asubuhi aliyoniambia, bila kelele, kwamba leo amezishika tu. Zile za kwanza nilizifungia kwenye sanduku la vitambaa. Nilisema nitazichoma. Sikuzichoma.

Mtani alikufa mwaka uliofuata. Binti yake alinipigia simu akasema watani tunahitajika, na kwetu siku hizo mtu wa kwenda nilikuwa mimi peke yangu. Nilitaka kukataa. Mama akasema, "Aliyekuchekesha humkimbii." Nikaenda Mingoyo.

Nilifanya yote yanayotakiwa. Nilizuia njia ya jeneza, nikamwaga unga, nikawaambia wafiwa marehemu wao alikuwa mwizi wa mashati. Siku ya tatu wanawake wakaniletea nguo zake. Shati, na kofia ile. Nikaivaa nikailaza juu ya sikio, nikatoka ndani nikaingia uani.

Sikujiandaa. Mwili ulijua wenyewe. Mguu wa kulia ukaburuta, bega likainama, nikakohoa mara mbili, na uani mzima ukalipuka kwa kicheko. "Ndiye," wakasema. "Ndiye kabisa, hajabadilika." Bibi mmoja alijipiga mapaja akaomba nimpishe apumue. Nami nilikuwa nafanya kile nilichokitunza toka utotoni kama pete, na hakuna hata mmoja pale aliyemwona baba.

Pembeni, kwenye mkeka, alikaa mjukuu wake, kitoto cha kike cha miaka mitano sita. Hakucheka. Alinitazama nilivyokuwa natembea, na mimi huku natembea nikajikuta nimefika mbele yake, nimeinama, na mdomo umeshasema:

"We mwanangu, kofia yangu umeificha wapi?"

Akainua kidole akanionyesha kichwani.

Nikapiga magoti pale kwenye mkeka, nikaivua ile kofia haraka, nikamshika mabega. Kicheko kilikatika. "Sikiliza," nikamwambia. "Mimi siye babu. Babu yako amekufa. Mimi ni mtani tu, nimevaa nguo zake. Nitazame uso vizuri. Umenielewa?" Nyuma yangu wanawake walianza kuguna, mtani gani huyu anayeharibu msiba wa watu.

Mtoto akanitazama uso, kama nilivyomwambia, muda mrefu.

"Najua," akasema.

Kisha akaichukua kofia mkononi mwangu, akanirudishia kichwani, akailaza juu ya sikio mahali pake.

"Fanya tena."

Nikasimama, nikarudi mpaka mlangoni, nikafanya tena.